Hewa Iliyosingiziwa

Mtandao wa redio ukizorota, wa kwanza kushtakiwa huwa hewa. Utaambiwa mawimbi ni dhaifu, umbali umezidi, miti imerefuka, mawingu yametanda. Na dawa inayotolewa ni ileile siku zote: ongeza nguvu, funga antena kubwa zaidi, pandisha mlingoti. Historia ya watu waliojenga mitandao ya redio ya majaribio kwa zaidi ya miaka 50 inatoa ushahidi mwingine. Mara nyingi nodi mbili ziliposhindwa kupitishiana data kwa kasi iliyotarajiwa, mawimbi yalikuwa yanafika, tena yakiwa na nguvu ya kutosha. Kilichopotea ni muda: muda wa kugongana, muda wa kurudia, muda wa kusubiri jibu ambalo lilikwisha kutumwa. Walioligundua hilo hawakuwa na mitambo bora kuliko wenzao. Walikuwa na subira ya kuhesabu pakiti mojamoja kabla ya kumtafuta mchawi. Ufundi huu wa kuhesabu unastahili kuandikiwa historia yake, kwa sababu vitabu vingi vya teknolojia husimulia mitambo iliyovumbuliwa na kuiacha nje kazi ya kuchunguza kwa nini mitambo hiyo haikutimiza ilichoahidi.

Tuanzie Hawaii. Mwaka 1968 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianza kutafuta njia ya kuunganisha kompyuta kuu ya Honolulu na watumiaji waliotawanyika visiwani, bila kutegemea laini za simu. Mtandao wao, ALOHANET, ulirusha pakiti yake ya kwanza Juni 1971. Vituo vilituma kwenye megahezi 407.350 na kupokea majibu kwenye megahezi 413.475, kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, na pakiti moja ilibeba herufi zisizozidi 80. Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi mno: mwenye pakiti aitume, asipojibiwa, asubiri kwa muda wa kubahatisha, kisha aitume tena. Ulikuwa kama mkutano usio na mwenyekiti: wawili wakisema kwa pamoja hakuna anayesikika, na wote wawili hulazimika kurudia maneno yao juu ya maneno ya wengine. Abramson alikwisha kuipiga hesabu hiyo mwaka 1970, na jibu lake halikupendeza. Hata mambo yakienda vizuri kabisa, sehemu ya muda wa chaneli inayobeba data yenye manufaa haivuki asilimia 18.4. Kwa maneno mengine, katika biti 9,600 za kila sekunde, zinazofika salama hazifiki 1,800. Na watumiaji wakizidi kuongezeka baada ya hapo, zinazofika hupungua badala ya kuongezeka, kwa kuwa marudio nayo hugongana na marudio mengine.

Hapo hapakuwa na mawimbi dhaifu. Pakiti mbili zilizogongana zilifika zote mbili Honolulu, na kufika kwao kwa wakati mmoja ndiko kulikoziharibu. Ukivipa vituo vyote nguvu maradufu, mgongano unabaki palepale. Dawa ilitoka kwa Lawrence Roberts, aliyeonyesha mwaka 1972 kwamba ukiugawa muda katika vipande vilivyo sawa na kumlazimisha kila mtumaji aanze mwanzoni mwa kipande, kiwango cha juu kinapanda hadi asilimia 36.8. Kimeongezeka mara mbili kamili, bila antena mpya na bila wati moja ya ziada. Kilichobadilika ni saa ya kuanza kusema tu. Sioni mfano mwingine wa awali unaoonyesha waziwazi kiasi hicho kwamba kasi ya mtandao wa redio ni jambo la ratiba kabla ya kuwa jambo la nguvu.

Hatua iliyofuata ilionekana kuwa ya busara isiyo na ubishi: kabla ya kutuma, sikiliza, ukisikia mwingine anatuma, nyamaza. Lakini Desemba 1975 Fouad Tobagi na Leonard Kleinrock wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha tundu lililomo ndani ya busara hiyo. Chukua vituo viwili vilivyo pande mbili za kilima, vyote vikisikika na kituo cha tatu kilichopo kileleni, ila vyenyewe havisikiani. Kila kimoja kitasikiliza, kitasikia kimya, kitatuma, na pakiti zitagongana kileleni. Anayesikiliza ni mtumaji, ilhali uharibifu unatokea kwa mpokeaji. Wapenzi wa redio za ridhaa wa Marekani na Kanada waliojenga mitandao ya pakiti miaka ya 1980, mingi ikienda kwa biti 1,200 kwa sekunde kupitia virudishi vilivyowekwa milimani, waliishi na tatizo hili kila siku. Ukiwa nyumbani, kituo cha mlimani unakisikia vizuri kabisa, na bado ujumbe wako unarudiwa mara kwa mara bila kupita. Mwaka 1990 mmoja wao, Phil Karn, alipendekeza mtumaji aanze na ombi fupi, na mpokeaji ajibu kwa ruhusa fupi. Uzuri wa pendekezo lake uko katika ile ruhusa: inasikika na majirani wa mpokeaji, yaani walewale ambao wangeweza kumharibia. Wazo hilo likaingia katika kiwango cha kwanza cha waifai mwaka 1997.

Kabla ya kwenda mbali, inafaa kukaa kidogo na nambari iliyowasumbua watafiti wengi mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa sababu inaonyesha jinsi hewa inavyoweza kusingiziwa hata chumbani. Kiwango cha waifai cha 802.11b, cha mwaka 1999, kiliahidi megabiti 11 kwa sekunde. Ukiweka nodi mbili mezani, hatua chache baina yao, na kupima, unapata kama megabiti 5 au 6. Nusu imekwenda wapi? Tuifuate pakiti moja ya baiti 1,500. Biti zake 12,000 kwa kasi ya megabiti 11 huchukua takriban mikrosekunde 1,090. Lakini kabla yake mtumaji anatakiwa kunyamaza mikrosekunde 50, kisha kungoja kwa bahati nasibu, wastani wa mikrosekunde 310. Pakiti yenyewe inatanguliwa na utangulizi wa mikrosekunde 192 unaotumwa kwa kasi ya chini kabisa ili kila redio iuelewe. Ikimalizika, pana pumziko la mikrosekunde 10, kisha mpokeaji anatuma kibali cha kupokea, nacho kina utangulizi wake wa mikrosekunde 192 pamoja na ujumbe wenyewe. Ukijumlisha, kazi ya mikrosekunde 1,090 imegharimu karibu 1,900. Nambari iliyochapishwa kwenye boksi haikuwa ya uongo, ila ilikuwa kasi ya biti zinapopita, bila kuhesabu muda ambao hakuna biti inayopita. Aliyepata megabiti 6 mezani na kuanza kubadilisha antena alikuwa akitibu mtandao mzima wa afya.

Kosa la aina nyingine lilikaa juu zaidi, katika programu za intaneti yenyewe. Oktoba 1986 mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, majengo yaliyo umbali wa mita mia kadhaa tu, yalianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson alichunguza na kukuta kompyuta zikirudia pakiti kwa pupa kiasi cha kuusonga mtandao. Mwaka 1988 akachapisha tiba iliyoiokoa intaneti: pakiti ikipotea, mtumaji achukulie kwamba njia imejaa, apunguze kasi. Kwenye waya dhana hiyo ilikuwa sahihi karibu kila mara, maana waya hauharibu pakiti ovyo. Kwenye redio pakiti hupotea hata njia ikiwa tupu. Hivyo mtumaji hupunguza kasi pale ambapo angepaswa kurudia haraka, na chaneli inakaa bila kazi huku kila upande ukidhani umeelemewa. Mwaka 1995 Hari Balakrishnan na wenzake wa Berkeley walijibu kwa kuweka kwenye kituo cha redio programu inayozichungulia pakiti zinazopita, kuzitunza, na kuzirudia yenyewe kabla mtumaji wa mbali hajahisi upungufu. Mara nyingine tena, redio haikuguswa.

Mradi ninaouona kuwa kilele cha ufundi huu ni Roofnet, uliojengwa na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts juu ya mapaa ya nyumba za watu waliojitolea, mjini Cambridge, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nodi zilikuwa kompyuta za kawaida zenye kadi za 802.11b na antena za kurusha pande zote. Hakuna aliyepanga nani amtazame nani. Mtandao ulifanya kazi, lakini njia ambazo programu ilizichagua zilikuwa mbovu kuliko zile ambazo mtu angezichagua kwa kuangalia tu. Sababu ilipatikana katika desturi ya miaka mingi ya kuchagua njia yenye hatua chache. Hatua chache maana yake hatua ndefu, na hatua ndefu ndizo zinazopoteza pakiti nyingi. Mwaka 2003 Douglas De Couto, Daniel Aguayo, John Bicket na Robert Morris walileta kipimo kingine. Kila nodi itume pakiti ndogo ya uchunguzi kila sekunde; jirani azihesabu katika sekunde 10 zilizopita; kutokana na hesabu hiyo ijulikane pakiti moja itatumwa mara ngapi hadi ifike na kuthibitishwa. Kiungo kinachofikisha asilimia 90 kwenda na asilimia 90 kurudi kinadai wastani wa mara 1.23. Kinachofikisha asilimia 50 kwenda na 60 kurudi kinadai mara 3.33. Basi hatua mbili nzuri, jumla mara 2.47, zinaishinda hatua moja mbaya, ingawa ile moja inaonekana fupi kwenye karatasi. Tazama kwamba kipimo hiki hakiulizi mawimbi yana nguvu kiasi gani. Kinauliza muda utakaotumika.

Mwaka uliofuata kundi hilohilo, likiwa na Sanjit Biswas na Glenn Judd, lilifanya jambo ambalo watu wa haraka wasingelivumilia. Lilisimamisha shughuli zote za mtandao, likaiamuru kila nodi kwa zamu irushe pakiti kwa kasi yake yote kwa sekunde 90, huku nyingine zote 37 zikisikiliza na kuandika kila kilichofika. Ilitarajiwa kuonekana mpaka ulio wazi: viungo vyenye mawimbi mazuri vifanye kazi, vyenye mawimbi hafifu vife. Mpaka huo haukuonekana. Viungo vingi vilikuwa katikati, vikipoteza sehemu ya pakiti wakati wote, na nguvu ya mawimbi pamoja na umbali vilikuwa waaguzi wabovu wa nani atapoteza ngapi. Wakaona pia kwamba kushusha kasi kila pakiti inapopotea ni hasara: kiungo cha megabiti 11 kinachopoteza asilimia 40 kinaweza kufikisha zaidi ya kile cha megabiti 5.5 kisichopoteza chochote. Matokeo ya ufundi huo yalichapishwa mwaka 2005: mtandao usiopangwa na mtu, wenye nodi 37, ukipitisha wastani wa kilobiti 627 kwa sekunde kati ya nodi na nodi. Leo nambari hiyo ni ndogo, lakini ilitosha nyumba hizo kuutumia kama intaneti yao ya kila siku.

Hapa ndipo pingamizi lenye uzito linapoingia, nami silikwepi. Watafiti wa Roofnet walishuku kwamba chanzo cha hasara yao ni mawimbi yanayodunda kwenye kuta na kumfikia mpokeaji kwa nyakati tofauti, kama mwangwi. Hilo ni jambo la hewa, si la itifaki. Tena nchini India, Kameswari Chebrolu, Bhaskaran Raman na wenzao walipima viungo virefu vya vijijini karibu na Kanpur na kupata kinyume: pasipokuwa na mawimbi ya kigeni, mpaka ulikuwepo, mkali kama vitabu vilivyosema, na nguvu ya mawimbi ilitabiri hasara vizuri. Mtu anaweza kusema basi fundi wa mlingoti alikuwa sahihi. Lakini fuata ushahidi hadi mwisho wake. Kundi la India lilipokuta hasara kubwa, lilikuta pia mtandao mwingine unaorusha kwenye masafa hayohayo. Na mwaka 2008 lilizipitia upya data za Roofnet na kuhitimisha kwamba mwingiliano wa mitandao ya jirani ndio unaoelekea kuwa chanzo, kuliko mwangwi. Kundi la Berkeley lililopima viungo virefu vya waifai lilifikia karibu hukumu hiyohiyo mwaka 2007. Hewa, kwa hiyo, ilikuwa na sehemu yake ya kosa, lakini kwa sababu ilikuwa na watu wengi ndani yake. Na katika hali hiyo kuongeza nguvu ni kumwongezea jirani tatizo, naye akijibu kwa kuongeza yake, wote wawili mnarudi Hawaii ya 1971. Ilipofaa kuongeza mawimbi, watafiti hawa waliongeza. Tofauti yao na fundi wa mlingoti ni kwamba walikuwa wamepima kwanza, na hata walipotofautiana juu ya mwangwi, data za mmoja ziliweza kufunguliwa na mwingine na kuulizwa upya. Sidhani kuna sifa bora zaidi ya kupewa jaribio.

Viungo virefu ndivyo vilivyotoa kisa kinachofafanua zaidi hoja hii. Aprili 2006 Ermanno Pietrosemoli na wenzake wa Venezuela waliunganisha Pico del Águila na El Baúl, kilomita 279, kwa rauta za kawaida za Linksys na madishi ya setilaiti yaliyokwisha kutumika. Mawimbi yalifika bila kipaza nguvu. Data ilipita kwa kilobiti 65 hivi kwa sekunde, kwenye vifaa vilivyoundwa kwa mamilioni ya biti. Angalia muda: mawimbi hukata mita 300 kwa mikrosekunde moja, hivyo kwenda na kurudi kilomita 279 ni karibu mikrosekunde 1,860. Kiwango cha waifai kiliandikwa kwa vyumba na viwanja, ambako kibali cha kupokea hurudi mara moja. Mtumaji asipokiona ndani ya mikrosekunde chache anadhani pakiti imepotea, anairudia, na kibali cha ile ya kwanza kinamkuta akiwa katikati ya kutuma ile ya pili. Pakiti zilifika na kuthibitishwa, lakini mtumaji hakuwa na subira ya kusikia. Kundi la Berkeley, likiongozwa na Eric Brewer, lilikuwa likishughulikia ugonjwa huohuo katika viungo vya Hospitali ya Macho ya Aravind huko Theni, Tamil Nadu, ambako wagonjwa wa vijijini walizungumza na daktari wa mjini kwa video. Dawa yao ilikuwa kuondoa kabisa ule utaratibu wa kusikiliza na kuthibitisha pakiti mojamoja: kila upande upewe zamu yake kwa saa, na pakiti nyingi zithibitishwe kwa mkupuo. Walipima ongezeko la mara 2 hadi 5. Programu yao ilipowekwa kwenye milima ya Venezuela, kiungo kilipitisha megabiti kadhaa kwa sekunde. Kwa mgonjwa wa Theni, tofauti hiyo ilikuwa ya kuonekana jicho lake au kutoonekana.

Hata redio za kisasa za maabara, zile ambazo karibu kila kitu ndani yake ni programu, hazikukwepa sheria hii. Eric Blossom alipoanzisha GNU Radio mwaka 2001, na baadaye Matt Ettus alipounda redio za USRP za kuambatana nayo, mwanafunzi yeyote aliweza kujiandikia itifaki yake. Wengi waliojaribu kuiga waifai walipata kasi ya aibu ilhali mawimbi kwenye kioo yalikuwa safi. Kiwango kinataka kibali kianze kurushwa mikrosekunde 10 baada ya pakiti kwisha; kompyuta iliyounganishwa kwa waya wa USB huchukua mamia ya mikrosekunde, pengine zaidi, hata kuipokea pakiti hiyo na kuiangalia. Mwaka 2009 George Nychis na wenzake waliipima njia hiyo kipande kwa kipande, wakapendekeza kazi zisizoweza kusubiri zishushwe ndani ya redio yenyewe na nyingine zibaki kwenye kompyuta. Mwaka huohuo maabara ya Microsoft mjini Beijing ilikwenda njia nyingine, ikaisogeza redio hadi kwenye ubao mama wa kompyuta na kuitengea vichakataji vyake.

Lipo pingamizi la pili: kwamba haya yote ni ya zamani, na vifaa vipya vimekwisha kuyamaliza. Jibu limo katika kisa cha Grenoble. Mwaka 2003 Martin Heusse na wenzake walionyesha kwamba kompyuta moja iliyo mbali, iliyoshuka hadi megabiti 1, inawavuta wote walio na megabiti 11 hadi kwenye kiwango chake, kwa sababu utaratibu unampa kila mmoja zamu sawa ya kutuma pakiti, si muda sawa. Na pakiti ileile inayomchukua wa karibu milisekunde 1.1 inamchukua wa mbali 12. Viwango vipya vikaja kimoja baada ya kingine, kasi iliyoandikwa kwenye maboksi ikapanda mara kumi na zaidi, na tatizo hilo likahama navyo bila kuguswa. Mwaka 2017, miaka 14 baada ya Grenoble, Toke Høiland-Jørgensen wa Chuo Kikuu cha Karlstad na wenzake walichapisha marekebisho ya programu ya waifai ndani ya Linux: zamu zihesabiwe kwa muda wa hewani, na pakiti zisirundikwe foleni bila kikomo. Katika majaribio yao jumla ya data iliyopita iliongezeka hadi mara 5, kwenye kadi zilezile, na marekebisho yakaingizwa katika Linux ya kila mtu.